Profesa J.L.B. Smith: Askari Mgonjwa Aliyewapa Majina Samaki wa Bahari Yetu

Miongoni mwa watu walioitumikia elimu ya viumbe wa Bahari ya Hindi, ni wachache wanaojulikana kama Profesa James Leonard Brierley Smith. Jina lake hutajwa zaidi kwa sababu ya samaki mmoja wa kale, silakanti, ambaye wataalamu wa dunia nzima waliyakinisha kwamba alikwisha toweka zamani za mijusi wakubwa. Lakini samaki huyo ni sehemu moja tu ya kazi yake. Katika maisha yake Smith aliwaeleza na kuwapa majina samaki wapya wapatao 370, na wengi wao ni wa matumbawe ya pwani ya Afrika na visiwa vyake.

Ndugu askari, tumemchagua mtu huyu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba utu uzima wake aliuanza akiwa amevaa sare ya jeshi, tena katika nchi hizi zetu za Afrika Mashariki. Ya pili ni kwamba kazi ya kumtambua samaki mpya haitofautiani sana na kazi ya mpelelezi. Kuna kielelezo cha kulindwa, kuna mashahidi wa kusikilizwa, na kuna hukumu ambayo ikitolewa kwa pupa humwaibisha aliyeitoa. Smith alionja ushindi wa kazi hiyo, na akaonja kosa lake pia.

Utoto, masomo na vita

Smith alizaliwa tarehe 26 Septemba, 1897, katika mji wa Graaff-Reinet, Afrika Kusini. Baba yake alikuwa mkuu wa posta. Mtoto alipenda kuvua kwa mshipi tangu udogo, lakini shuleni alielekea kwenye sayansi ya kemia, na akili zake zilionekana mapema.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, kijana huyo alijiunga na jeshi akapelekwa kupigana na Wajerumani katika Afrika Mashariki, katika kampeni iliyoongozwa na Jenerali Smuts. Wengi walioingia katika vita vile hawakuangushwa na risasi. Waliangushwa na malaria, kuhara damu, njaa na mvua, na walioteseka zaidi ni wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya majeshi ya pande zote mbili. Smith naye alipatwa na malaria na kuhara damu, akarudishwa kwao akiwa dhaifu. Tangu siku hizo mwili wake haukupata tena afya kamili. Ilimlazimu kuishi kwa masharti makali ya chakula na kutembea kwa miguu masafa marefu ili kujiimarisha.

Udhaifu huo haukumzuia kusoma. Mwaka 1922 alipata shahada ya udaktari wa kemia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kisha akarudi kufundisha somo hilo katika Chuo cha Rhodes, mjini Grahamstown, mji ambao tangu mwaka 2018 huitwa Makhanda. Kazi ya mshahara ilikuwa kemia. Kazi ya moyo ilikuwa samaki. Tangu mwaka 1931 alianza kutoa makala za kitaalamu juu ya samaki, na makumbusho madogo madogo ya pwani yakawa yanamtumia samaki waliokosa kutambulikana ili awaeleze. Alifanya hivyo usiku na siku za likizo, bila malipo. Mwaka 1938 alimwoa Margaret Macdonald, bibi ambaye baadaye alijifunza kuchora samaki kwa rangi zao halisi kabla hazijafifia, akawa mshirika wake katika kila safari.

Namna samaki anavyopewa jina

Hapa inafaa tueleze kidogo maana ya kumpa samaki jina, kwa kuwa wengi hudhani ni jambo la kupenda tu.

Askari akaaye Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, yuko mbali na bahari kwa yapata kilomita elfu moja, lakini samaki anawafahamu. Akienda sokoni Mbarara, au akipewa zamu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale kando ya ziwa, hawezi kumchanganya ngege na kambare. Ngege ana magamba na miiba mgongoni. Kambare ana ngozi tupu na ndevu. Wavuvi wa ziwa wanakwenda mbali zaidi: humtofautisha ngege huyu na ngege yule kwa rangi ya mkia au umbo la kichwa, mahali ambapo mgeni haoni tofauti yoyote.

Mtaalamu hufanya kazi ile ile ya mvuvi, ila kwa hesabu na kwa maandishi. Huhesabu miiba na vijiti vya kila pezi. Huhesabu magamba yaliyo kwenye mstari wa ubavuni kutoka shavuni mpaka mkiani. Hutazama meno, hupima jicho, huhesabu vijino vya ndani ya matamvua. Kisha hulinganisha hesabu hizo na za kila samaki aliyekwisha andikwa. Akiona hakuna anayelingana naye, humwandika kwa jina la maneno mawili ya Kilatini, kwa utaratibu uliowekwa na Linnaeus wa Sweden katika karne ya 18: neno la kwanza ni la jamaa, la pili ni la samaki mwenyewe. Maelezo hayo lazima yachapishwe, na jina lililochapishwa mwanzo ndilo linaloshinda majina yote yajayo nyuma.

Jambo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Samaki yule yule aliyepimwa huhifadhiwa katika makumbusho akiwa na namba yake, mahali alipopatikana na tarehe. Huyo ndiye kielelezo. Miaka mia moja baadaye mtu mwingine akishuku maelezo, atakwenda kumtazama kielelezo mwenyewe. Kielelezo kikipotea au kikioza, shauri zima hudhoofika, kama ilivyo mahakamani.

Kazi hii katika bahari yetu ilikuwa imeanzwa zamani, na mmoja wa walioianza alikuwa askari. Luteni Kanali Robert Lambert Playfair, ofisa wa mizinga wa jeshi la Madras aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, alikusanya samaki wa visiwa vile, na mwaka 1866 yeye na mtaalamu Albert Günther walitoa kitabu kizima juu ya samaki wa Zanzibar. Smith alikuja kuendeleza njia iliyokwisha fyekwa.

Samaki wa Chalumna

Tarehe 22 Desemba, 1938, meli ya uvuvi iitwayo Nerine, chini ya nahodha Hendrik Goosen, ilirudi katika bandari ya East London, Afrika Kusini. Nyavu zake zilikuwa zimekokotwa karibu na mlango wa mto Chalumna. Nahodha alikuwa na mazoea ya kumwita mhifadhi wa makumbusho ya mji, bibi kijana aitwaye Marjorie Courtenay-Latimer, aje achague chochote cha ajabu. Siku ile, chini ya lundo la papa na samaki wengine, aliona pezi la buluu. Alipowaondoa wa juu, alimkuta samaki mwenye urefu wa mita moja na nusu na uzito wa kilo 57, mwenye magamba magumu kama deraya na mapezi yaliyokaa juu ya vikonyo vya nyama, mfano wa miguu mifupi.

Hakumjua, lakini alijua kwamba si wa kutupwa. Dereva wa teksi alikataa kumbeba samaki anayenuka, mpaka bibi akashikilia. Chumba cha maiti kilikataa kumpokea, ghala la barafu likakataa pia. Ilikuwa majira ya joto, na fomalini iliyopatikana ilikuwa kidogo. Alimfunika kwa magazeti na shuka zilizolowekwa katika dawa hiyo, na siku iliyofuata akamwandikia Smith barua pamoja na mchoro wa mkono. Smith alikuwa Knysna, mamia ya kilomita kutoka hapo, kwa mapumziko ya Krismasi. Barua ilimfikia tarehe 3 Januari, 1939. Kufikia hapo samaki alikuwa amekwisha kuharibika, na fundi alikuwa ameokoa ngozi na fuvu tu. Matumbo na matamvua yalikwisha tupwa.

Smith alipoutazama mchoro alishtuka. Aliona umbo alilolijua kutoka vitabu vya visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe. Jamaa ya silakanti walianza kuishi baharini yapata miaka milioni 400 iliyopita, na katika mawe yote ya dunia hakukuwa na hata mmoja wa miaka ya karibu kuliko milioni 66 hivi. Mtu aliyesema kwamba ameona silakanti aliyevuliwa juzi alikuwa kama anayesema amekutana njiani na mnyama aliyekufa kabla ya kuumbwa milima.

Hapo ndipo lilipokuwa jaribio lake. Alikuwa mwalimu wa kemia katika chuo kidogo, mtaalamu wa samaki kwa kujifunza mwenyewe, mbali na makumbusho makubwa ya Ulaya. Akitangaza na akakosea, angechekwa maisha yake yote, na hakuna ambaye angemsadiki tena. Akinyamaza, angekuwa ameusaliti ukweli aliouona kwa macho yake. Alichagua njia ya katikati, ambayo ni njia ya mpelelezi mwema: hakusema neno hadharani mpaka alipokitazama kielelezo. Tarehe 16 Februari, 1939, alifika East London, akasimama mbele ya samaki, na shaka ikamtoka. Mwezi Machi maelezo yake yalichapishwa katika jarida la Nature la Uingereza. Jina alilompa ni Latimeria chalumnae: la kwanza kwa heshima ya bibi aliyemwokoa, la pili kwa mto alipovuliwa. Hakujitia yeye mwenyewe katika jina hilo.

Miaka 14 ya kutafuta

Ulimwengu ulistaajabu, lakini Smith hakutosheka. Kielelezo kilikuwa ngozi tupu. Ubongo wake, moyo wake na uzazi wake havikujulikana. Alihitaji samaki wa pili, mzima. Naye aliamini kwamba East London haikuwa makao ya samaki huyo, kwamba yule wa kwanza alipotea njia akichukuliwa na mkondo kutoka kaskazini, kwenye maji ya joto.

Vita Kuu ya Pili ikachelewesha mambo. Ilipokwisha, mwaka 1946, Smith aliacha kabisa kufundisha kemia akaingia katika utafiti wa samaki peke yake. Mwaka 1949 alitoa kitabu kikubwa cha samaki wa bahari wa kusini mwa Afrika, chenye picha ambazo nyingi zilisimamiwa na mkewe. Kisha akachapisha karatasi ndogo yenye picha ya silakanti, kwa lugha tatu, Kiingereza, Kifaransa na Kireno, ikiahidi paundi 100 kwa kila mmoja wa samaki wawili wa kwanza watakaoletwa. Karatasi hizo zilisambazwa katika bandari, vituo vya serikali na vijiji vya wavuvi kuanzia Msumbiji kwenda kaskazini. Polisi wanaijua njia hiyo: picha ya anayetafutwa, ahadi ya zawadi, na subira.

Katika miaka hiyo yeye na mkewe walisafiri pwani ya Msumbiji, kisha Unguja, Pemba na Kenya. Mwaka 1952, huko Unguja, walifahamiana na Eric Hunt, nahodha Mwingereza aliyekuwa akifanya biashara kati ya Unguja na visiwa vya Komoro kwa jahazi lake liitwalo N'duwaro, jina la Kiswahili la samaki nduaro. Hunt alizichukua karatasi zile akaenda nazo Komoro.

Usiku wa tarehe 20 Desemba, 1952, mvuvi aitwaye Ahamadi Abdallah, wa kisiwa cha Nzuani, ambacho Wafaransa hukiita Anjouan, alivua kwa mshipi samaki mkubwa karibu na Domoni. Kesho yake alimpeleka sokoni, ambako angekatwa vipande kama samaki wengine. Mwalimu Affane Mohamed alimwona, akakumbuka picha aliyoiona katika karatasi, akamzuia asikatwe. Samaki alibebwa kuvuka milima ya kisiwa mpaka Mutsamudu, lilikokuwa jahazi la Hunt. Hunt alimtia chumvi, akasafiri naye mpaka Dzaoudzi katika kisiwa cha Maore, akapata fomalini kwa daktari wa huko, na akampelekea Smith simu ya maandishi.

Ndege ya kijeshi

Simu hiyo ilimkuta Smith Durban, melini, akirudi nyumbani kutoka Afrika Mashariki. Furaha na hofu vilimpata kwa pamoja. Ilikuwa siku za sikukuu, ofisi zimefungwa. Samaki alikuwa katika joto la kisiwa, amehifadhiwa kwa njia ya haraka, na wakuu wa Kifaransa waliotawala Komoro walikuwa nao wana haki ya kumtaka. Yale ya mwaka 1938 yalikuwa karibu kurudiwa: kielelezo kuoza wakati mtaalamu yuko mbali.

Baada ya kugonga milango mingi bila kufanikiwa, Smith alimwendea mtu wa juu kabisa, Waziri Mkuu D.F. Malan, aliyekuwa mapumzikoni karibu na Cape Town. Msomaji anajua Malan alikuwa nani: ndiye ambaye chama chake kilitwaa serikali mwaka 1948 na kuweka utawala wa ubaguzi wa rangi uliowatesa mamilioni mpaka mwaka 1994. Tena alikuwa padri wa kanisa ambalo halikuipenda elimu ya viumbe kubadilika kizazi baada ya kizazi. Hata hivyo alilikubali ombi, akaamuru ndege ya jeshi aina ya Dakota imchukue Profesa.

Marubani wale waliotazamia kula sikukuu na jamaa zao waliondoka Durban, wakalala Lumbo katika Msumbiji, na tarehe 29 Desemba wakatua kwenye kiwanja kidogo cha kisiwa cha Pamanzi. Smith alipelekwa hadi kwenye jahazi la Hunt. Sanduku likafunguliwa, pamba ikaondolewa, naye akapiga magoti akamgusa samaki aliyemtafuta miaka 14. Mtu huyo mkali, ambaye wanafunzi wake walimwogopa, alilia mbele ya askari na mabaharia. Siku hiyo hiyo ndege iliruka kurudi na mzigo wake. Ahamadi Abdallah alilipwa zawadi yake ya paundi 100.

Kosa la Profesa

Sasa tufikie jambo ambalo wasifu mwingi hulipita mbio. Samaki wa Nzuani hakuwa na pezi la kwanza la mgongoni, wala kile kipande kidogo cha katikati ya mkia alichokuwa nacho samaki wa Chalumna. Smith akaamua kwamba hakuwa wa jamaa ile ile. Akampa jina jipya, Malania anjouanae, kwa heshima ya Waziri Mkuu aliyempa ndege.

Haukupita muda mrefu Wafaransa walipata samaki wengine Komoro, na wote walikuwa na pezi lile. Ikabainika kwamba samaki wa pili alikuwa silakanti yule yule, ila aliumia au alizaliwa na kilema. Jina la Malania likafutwa na kanuni ya kwanza aandikaye, na samaki akarudishiwa jina la Latimeria. Hivyo jina la mtawala halikudumu, na jina la mhifadhi wa makumbusho madogo limedumu.

Funzo lake ni la kila mtu aliyewahi kuandika ripoti. Smith hakudanganya, aliyoyaona yalikuwa kweli. Kosa ni kuwa alikihukumu kielelezo kimoja kana kwamba kinasema kwa niaba ya wote. Alama moja inayokosekana inaweza kuwa tofauti ya ukoo, na inaweza kuwa kovu tu. Asiyengoja shahidi wa pili huhukumu kovu.

Iko haki nyingine ya kusemwa. Watu wa Komoro walimjua samaki huyo miaka mingi kabla ya Smith, wakamwita gombessa. Walimvua mara chache usiku kwa mshipi mrefu, na nyama yake haikuwa na thamani kwao. Kwa hiyo kusema kwamba Smith alimgundua silakanti ni kusema nusu. Mvuvi alimjua samaki bila kujua ukoo wake. Mtaalamu aliujua ukoo bila kujua samaki anakaa wapi. Elimu ilikamilika walipokutana, na aliyewakutanisha ni mwalimu mmoja aliyesoma karatasi na kuikumbuka.

Matumbawe na baruti

Baada ya hapo Wafaransa waliifunga Komoro kwa wataalamu wa nje, na uchunguzi wa mwili wa silakanti ukafanywa na Profesa Jacques Millot na wenzake. Smith alirudi kwa samaki wa matumbawe. Mwaka 1954 alikwenda Shelisheli, na mwaka 1963 yeye na mkewe walitoa kitabu cha samaki wa visiwa hivyo. Makala zake zilizidi 500. Kati ya samaki aliowaandika wamo wale wadogo wa rangi za moto na zambarau wanaoogelea makundi kwa makundi juu ya matumbawe ya Afrika Mashariki, kama Pseudanthias evansi na Nemanthias carberryi wa mwaka 1954, na Cirrhilabrus exquisitus wa mwaka 1957, ambaye jina lake maana yake ni mwenye uzuri uliochaguka.

Si kila njia aliyoitumia ni ya kusifiwa. Ili kuwapata samaki wanaojificha ndani ya mianya ya matumbawe, Smith alitumia sumu na baruti. Zama zile wachache waliona ubaya wake. Leo sheria za Kenya na Tanzania zinakataza uvuvi wa baruti, na polisi na askari wa doria baharini hukesha kuwasaka waufanyao, kwani mlipuko mmoja huua samaki wote, wakubwa kwa wadogo, na huvunja matumbawe yaliyojengeka kwa miaka mingi.

Baada yake

Profesa Smith alifariki tarehe 7 Januari, 1968. Mkewe hakuiacha kazi ilale. Chuo cha utafiti wa samaki kilianzishwa Grahamstown kwa jina la mumewe, naye akawa mkurugenzi wake wa kwanza, akaendelea na kazi ya samaki hata miaka ya 1980. Alifariki mwaka 1987. Chuo hicho ni taasisi ya taifa ya Afrika Kusini ya viumbe wa majini, na vielelezo vyake vingali vikitazamwa na wataalamu.

Mengi aliyoyadhani Smith yamesahihishwa. Aliamini kwamba silakanti ni samaki wa miamba ya matumbawe anayetambaa kwa mapezi yake kama kwa miguu, ndiyo maana kitabu chake cha mwaka 1956 alikipa jina linalotaja miguu minne. Mwaka 1987 Hans Fricke wa Ujerumani alimwona akiwa hai Komoro kwa kutumia chombo cha kuzamia. Hatembei; huelea polepole kandokando ya miteremko yenye mapango, chini sana ya matumbawe, aghalabu kwenye kina cha mita 150 na zaidi. Mwaka 1999 aina ya pili iliandikwa kutoka Indonesia.

Lakini katika jambo kubwa Smith alisema kweli: makao ya samaki huyu yalikuwa kaskazini ya East London. Mwaka 2001 alivuliwa Malindi, Kenya. Tangu mwaka 2003 amekuwa akinaswa katika nyavu za pwani ya Tanzania, hasa Tanga, ambako hifadhi ya bahari kwa ajili yake ilitangazwa mwaka 2009. Imejulikana kwamba huzaa watoto hai, na kwamba umri wake hukaribia miaka 100. Samaki azaaye kwa nadra namna hiyo hawezi kustahimili nyavu nyingi.

Nasi wa bara hatuko mbali na habari hii kama tunavyodhani. Katika maziwa ya Uganda yuko kamongo, ambaye Waganda humwita emmamba, samaki mwenye mapafu awezaye kujizika matopeni wakati wa ukame. Kwa ukoo, kamongo yuko karibu zaidi na silakanti, na hata na wanyama wenye miguu minne, kuliko alivyo karibu na ngege. Wengi humpita sokoni bila kumtazama mara ya pili.

Ndugu askari, huyo ndiye Smith: mwenye mwili dhaifu na nia ngumu, aliyekosea hadharani na akasahihishwa hadharani. Samaki wengi wanachukua majina aliyowapa, na vielelezo vyake vimehifadhiwa, ili yeyote atakayemshuku aende akatazame mwenyewe. Mwenye dhamana ya ushahidi, awe wa makumbusho au wa kituo cha polisi, hatakiwi zaidi ya hayo, wala hatakiwi chini yake.